Divai ya Moto ya Mama Mwenye Nyumba

Alikuwa na sharti moja jikoni: divai isichemke. Ungeweza kuunguza wali wake, ukavunja sahani yake, ukamwaga mafuta sakafuni, akakutukana kidogo na yakaisha. Lakini sufuria ya divai ikianza kutoa viputo wakati wewe ndiye uliyeachiwa kuiangalia, siku yako ilikuwa imeharibika.

"Unaiuwa!" alipiga kelele kutoka sebuleni, maana alikuwa akiisikia. "Tanzanie, unaiuwa! Iache ipate joto tu, sawa maji ya kuoga ya mutoto."

Tanzanie ni mimi. Yeye alikuwa mtu wa Lubumbashi, mimi ni mtu wa Muheza, na kuanzia mwaka 2015 nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba yake ya Malvern, mtaa mmoja kutoka Jules Street. Kwa miaka yote niliyokaa pale hakuwahi kuniita kwa jina langu. Sisi wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, mbele yake na nyuma yake, ingawa nyuma yake tuliongeza mengine.

Sasa msikilize mwanamke huyohuyo Jumapili saa tisa alasiri, watu wametoka kanisani, sebule imejaa makoti, naye anamkabidhi mchungaji kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, Pasta. Imechemka tangu asubuhi. Pombe yote ilishaenda na moshi. Imebaki chai tu."

Mchungaji alikunywa. Kanisa lao lilikataza pombe hata ya kuonja, lakini Juni na Julai za Johannesburg hazina huruma, na nyumba za Malvern zimejengwa kana kwamba baridi ni uvumi. Watu walihitaji uongo wa kuwapasha moto, naye aliwapikia. Ndiyo sababu divai haikuwahi kuandaliwa katika bilauri. Ilinywewa katika vikombe vyeupe vya chai vyenye maua ya bluu, kila kimoja na kisosi chake, na ukichungulia dirishani ungewaona watu wa Mungu wameketi wanazungumza juu ya mahubiri. Mimi niliyekuwa jikoni niliona chupa ya brandi. Nusu chupa aliimimina moto ukishazimwa, ili isipoteze nguvu. Aliiita dawa ya kifua.

Alijifunza wapi? Mwaka mmoja alisema alifundishwa na mtawa Mbelgiji. Mwaka uliofuata mtawa akageuka mke wa injinia wa migodi. Baadaye alisema hakufundishwa na mtu, aliiota. Ukimkumbusha toleo la zamani alikutazama kama umempigia mluzi kanisani.

Jumatatu saluni niliyokuwa nikisuka nywele ilifungwa, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku aliyonichukua Fordsburg kununua viungo. Alinichukua kwa sababu kwetu Muheza iliki na mdalasini ni mazao ya shamba, si vitu vya pakiti, na ukucha wangu unajua. Karafuu nzima ukiibonyeza kichwani inatoa mafuta. Iliyokufa inavunjika kama kijiti. Yeye alisimama pembeni na mkoba wake kifuani, akaningoja nibonyeze, nikitikisa kichwa akamgeukia mwenye duka.

"Papa, hizi karafuu zako zilishazikwa. Unatuuzia maiti?"

Mwenye duka, Mhindi mpole mwenye kofia ya sala, hakujua Kiswahili, lakini alielewa na akaleta gunia jingine. Mama Mwenye Nyumba hakunishukuru hata mara moja. Tukirudi alisema tu kwamba nimechelewa kuchagua.

Jumapili asubuhi, kabla hajaenda ibada, tulikaa jikoni kuchomeka karafuu kwenye machungwa. Karafuu kumi na mbili kila chungwa, kwa ajili ya mitume kumi na wawili. Nilimuuliza siku moja kama na Yuda amehesabiwa.

"Yuda atakuja saa tisa," alisema, "na bibi yake."

Nilicheka mpaka nikajichoma kidole. Hapo ndipo penye ugumu wa kumweleza mtu huyu. Alikuwa anachekesha, na ukishacheka umeshakuwa upande wake.

Kulikuwa na utaratibu wa vikombe. Cha kwanza cha mchungaji, vinavyofuata vya wazee wa kanisa, kisha wanawake waliozaa, kisha wengine. Cha mwisho kilikuwa na mashapo: divai nzito ya chini, ganda la chungwa, vipande vya mdalasini. Kikombe hicho alikipeleka mwenyewe, akitembea polepole katikati ya sebule, na watu walinyamaza kuangalia kitasimama kwa nani. Aliyekipata alitakiwa asimame, anywe chote, kisha ajibu swali moja. Swali alilitunga Mama Mwenye Nyumba. Lilikuwa kila mara ni juu ya kitu ambacho mtu huyo alidhani hakijulikani.

Utauliza kwa nini watu walikuja. Walikuja kwa sababu asiyekuja aliulizwa akiwa hayupo, na majibu yakatolewa na wengine.

Nakumbuka fundi cherehani mmoja wa Bukavu, mtu mnene, mwenye aibu, aliyekuwa akiishi na mwanamke wa hapahapa na mtoto wao wa miaka miwili. Alipewa mashapo. Akanywa, akajifuta mdomo, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Fundi," Mama Mwenye Nyumba akamuuliza kwa upole, "bibi yako ya Bukavu, kwenye simu, unamwambia huyu mutoto ni wa nani?"

Mwanamke wake alikuwa ameketi kando yake na mtoto mapajani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini neno Bukavu alilijua, na sura za watu alizisoma. Fundi akamtazama mtoto. Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, na nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Nilikuwa na sababu. Habari ile niliitoa mimi. Mtu anayesuka nywele anasikia kila kitu: mteja akishainamisha kichwa kwa saa nne, mdomo unafunguka wenyewe. Yaliyosemwa saluni Jumamosi niliyapeleka jikoni Jumapili, na wakati tunachomeka karafuu niliyamwaga mbele yake moja baada ya jingine. Hakuniomba. Alinyamaza tu, akaniacha nijaze kimya chake. Nilijiambia kwamba mwenye kumlisha simba haliwi, na kwa miaka miwili mashapo hayakunifikia.

Usidhani alikuwa mbaya tu. Mbaya tupu ningemsahau. Mwaka niliohamia, vijana walivunja maduka ya wageni Jules Street, moshi ukawa unaingia mpaka uani kwetu. Alisimama kwenye geti na kitenge chake cha kanisani, mikono kiunoni, akawaambia kwa Kizulu kwamba waliomo ndani wote amewazaa yeye, na anayetaka kuingia aanze kwa kumkanyaga. Walikuwemo watu kumi na mmoja. Hawakufanana hata wawili. Vijana wakamtazama yule mwanamke mfupi, wakacheka, mmoja akamwita gogo, yaani bibi, wakaenda zao. Siku nne alitulisha sote. Aliyekosa blanketi alipewa la kitandani kwake. Fundi cherehani alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, na alilala kwenye zulia lilelile ambalo baadaye alisimamishwa juu yake.

Ndiyo ilivyokuwa kwake. Alikuokoa, kisha ukawa wake, na chake alikitumia alivyotaka.

Yeye mwenyewe hakuulizwa. Mlinzi mmoja kijana wa Bujumbura alijaribu, labda brandi ilikuwa imemtangulia kichwani. "Na weye, mama," akasema, "bwana yako iko wapi?" Mama Mwenye Nyumba hakukasirika. Alimwendea, akachukua kikombe kutoka mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto wembe, akakipeleka jikoni, akakiosha, akakipanga kabatini. Jumapili iliyofuata hakukuwa na kiti cha kijana yule, na hakuna aliyemsalimia. Baada ya mwezi alihama Malvern. Mimi pia sikumsalimia.

Sasa nifike kwa Stefano.

Stefano ni mdogo wangu, wa pekee. Alikuwa mlevi, nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi. Muheza pombe ilimla kazi ya ualimu, ikamla mke, na mwaka 2016 mama yetu akanipigia simu akaniambia, "Mchukue mwanangu kabla sijamzika." Nikamleta Johannesburg. Akalala kwenye godoro chini ya dirisha la chumba changu, akatetemeka wiki mbili, akaacha. Akapata kazi ya kulinda ghala la mabati baada ya robot ya pili, zile taa za barabarani. Alitembea na kipande cha tangawizi mfukoni mwa sare, hamu ikimjia anatafuna. Kwenda kazini alizunguka mitaa mitatu ili asipite mbele ya baa za Jules Street. Hadi Julai 2017 alikuwa amefikisha miezi kumi na moja.

Nilimuuliza mara moja kama hawezi hata kimoja, kwa heshima ya watu.

"Dada," aliniambia, "kwangu hakuna kimoja. Kuna hakuna, au kuna pipa."

Jumapili alikuwa kazini, kwa hiyo alasiri za Mama Mwenye Nyumba alizikosa bila kumkosea mtu. Mama Mwenye Nyumba alimpenda, kwa kweli. Alimwita "ule mupole" na kumwekea chakula. Hakujua kwa nini hanywi. Alidhani ni dini.

Mimi ndiye niliyemwambia. Wiki ile saluni ilikuwa tupu, sikuwa na habari za mtu. Tulikaa jikoni, mitume wanaingia kwenye machungwa, naye amenyamaza. Alijua kunyamaza, mama yule. Baridi yote ya nyumba ilihamia upande wako wa meza. Nikatafuta cha kumpa. Wateja walikuwa wameisha, nikampa mdogo wangu. Nilimwambia yote: ualimu, mke, kutetemeka, hakuna kimoja kuna pipa. Alichomeka karafuu yake taratibu.

"Maskini," alisema. Basi.

Siku hiyohiyo zamu ya Stefano ilibadilishwa, akarudi saa nane. Alipotaka kuingia chumbani alale, Mama Mwenye Nyumba akatuma mtu amwite. Mpangaji gani huyu, mwaka mzima hajakaa na wenzake? Stefano akaja, akaketi karibu na mlango na sare yake ya kazi, magoti pamoja. Vikombe vikapita. Alipofikiwa alitikisa kichwa kwa tabasamu, na mpangaji aliyekuwa akigawa akamruka. Nikashusha pumzi.

Kisha kikaja cha mwisho. Niliujua mwendo ule. Alivuka sebule polepole, akawapita wote, akasimama mbele ya mdogo wangu.

"Simama, mupole."

Akasimama. Alikuwa mrefu, ilibidi mama amtazame juu.

"Mi niko na swali moja tu. Ni kweli ukikunywa kimoja hauwezi kuacha?"

Watu wakaanza kucheka, kicheko cha kuonja kwanza. Stefano aligeuza shingo akanitafuta mimi, mlangoni na sinia langu, na nikaona amejua. Maneno yale aliyasema kwa mtu mmoja tu duniani.

"Mama, samahani," akasema. "Mimi situmii."

"Hutumii nini? Chai?" Sebule ikacheka sasa kwa nguvu. "Pasta anakunywa. Bamama banakunywa. Weye njo mutakatifu kupita Pasta? Hii haiko pombe. Pombe ilishaenda na moshi. Muulize dada yako, yeye njo alipika."

Wote wakanigeukia.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mara nyingi tunalisema juu ya watu wengine. Nilijua brandi ilikuwa kiasi gani. Nilijua haikuchemka, maana kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haichemki. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Lakini ningelisema, mchungaji angejua alichokuwa anakunywa, mama angejua mimi si wake tena, na kabla ya jua kuzama sebule nzima ingejua nani alikuwa akipeleka habari zao jikoni. Fundi cherehani alikuwa ananitazama. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

"Kunywa, Stefano," nikasema. "Ni chai tu. Usinitie aibu."

Alikunywa funda la kwanza kwa kufumba macho. La pili aliyafumbua. Hakulitema ganda la chungwa, alilitafuna. Watu wakapiga makofi. Akamrudishia mama kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akamwambia asante, akasema anakwenda dukani kununua vocha ya simu. Alirudi Jumanne.

Agosti kazi ilikwisha. Septemba Mama Mwenye Nyumba akamtoa. Aliweka godoro lake uani yeye mwenyewe, akalikung'uta vumbi kwanza. "Nyumba yangu haiko ya balevi," alisema, na alimaanisha, wala hakuona kwamba kuna la kujiuliza. Stefano akaenda Diepsloot kwa Mtanzania mwenzetu aliyekuwa na spaza, kiduka cha mtaani, akawa analala nyuma ya duka. Nilimpelekea nguo. Mara ya mwisho alizipokea bila kufungua mlango wote, akasema, "Eish, dada, rudi kwako, baridi."

Mimi nilirudi. Nilibaki chumba kilekile. Majira ya baridi yaliyofuata, 2018, nilikuwa bado jikoni kwake nachomeka karafuu, mpaka asubuhi moja ya Julai mwenye spaza alipopiga simu. Walimkuta nje, ameegemea ukuta wa mabati, koti lake limekakamaa kwa umande ulioganda.

Mazishini Mama Mwenye Nyumba aliimba kuliko kwaya. Alinishika mkono kaburini, akaniambia machozi yanamtoka, "Alikuwa mutoto muzuri. Ile pombe ni shetani." Nikamtafuta usoni kama kuna mahali anaficha kitu. Hakukuwa na kitu. Mwezi huohuo nikahama.

Mwaka 2019, katikati ya baridi, binti yake alinipigia simu. Alikuwa amemhamishia mama yake kwake Rosettenville, kichwa kimeanza kupotea, na jina pekee analolitaja ni Tanzanie. Binti alizaliwa na kukulia hapa, Kiswahili anakisikia nusunusu, hajui kukijibu. Aliniomba kwa Kiingereza niende nikamzungumzishe kwa lugha yake. Nilikwenda Jumapili.

Alikuwa ameketi mbele ya hita, amefunikwa blanketi, amepungua, shingo kama ya kuku. Alinitambua mara moja. Akaniambia nimenenepa na rangi ya nywele zangu ni ya mtu anayetafuta mume. Nikacheka, Mungu anisamehe, alikuwa bado anachekesha. Kisha akanishika kiganja.

"Na mudogo yako iko wapi? Ule mupole?"

"Alikufa, mama."

Akaweka mikono kichwani. Alilia kilio cha kwanza kabisa, cha mtu aliyepigwa sasa hivi. Aliuliza lini, nikamwambia. Aliuliza alikufa na nini.

"Na kikombe chako, mama. Ulimpa divai ukasema ni chai."

"Mi? Mi njo nilimupa?"

"Wewe."

Alijipiga kifua. Binti akaja mbio na leso, akamfuta, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ni afadhali alie, pengine anakumbuka kwao, na kwamba kwa wiki nyingi hajazungumza na mtu hivi. Akanishukuru, akarudi jikoni.

Dakika kumi hazikupita, uso wa mama ukafunguka. Akatazama hita, akatazama dirisha, akanitazama mimi kwa furaha.

"Tanzanie! Na mudogo yako, ule mupole, anaendelea muzuri?"

Nikamwambia. Akalia tena upya, machozi mengi kama ya mwanzo. Nikangoja yakakauka. Akauliza tena, nikamwambia tena. Mara hii ya tatu, katikati ya kwikwi, alinikazia macho yale ya zamani ya sebuleni.

"Na weye? Siku ile nilimupa, weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, mama."

Akatikisa kichwa kunihurumia. Kilio kikaisha, naye akasahau. Binti akaleta biskuti. Mama akachovya moja kwenye maziwa, akaila kwa utulivu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, mguu wake unapiga mdundo kwenye zulia. Alikuwa na raha. Alimtazama ndege aliyetua uani, akanionyesha kwa kidole. Alikula biskuti ya pili. Hakuuliza kitu.

Nikasogeza kiti changu karibu.

"Mama," nikamwambia, "umesikia kwamba Stefano amefariki?"